Ujia Mmoja, Safari Ndefu: Ndege Nyembamba na Mzigo wa Muheza

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Muheza

  

Nimealikwa kuzungumza habari za ndege katika mji usio na uwanja wa ndege. Bila shaka wapo waliojiuliza wakiwa njiani: mkulima wa machungwa wa Mkuzi, au wa iliki kule Amani, ana shughuli gani na aina ya ndege inayokwenda Dubai au Istanbul? Swali hilo ni la haki, na ndilo nitakalolijibu.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg kwa meli, na ilipofika pwani yetu, upande wa Pangani, iliyokuwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya mkonge ya Tanga nzima. Mwaka huohuo reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga, na kabla karne ile haijaisha ilikuwa imefika hapa Muheza, kwa kuwa mzigo wa milimani ulihitaji njia ya kufika bandarini. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa ameokota ua dogo la zambarau katika misitu yetu na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Ua hilo, Saintpaulia, leo limo ndani ya nyumba za watu duniani kote. Mwaka 1902 Amani ikapata taasisi ya utafiti iliyojaribu mimea kutoka kila pembe ya dunia.

Milima hii, basi, imeishi kwa vitu hai vinavyosafiri mbali. Kila mara urefu wa safari ndio ulioamua nini kitafika kikiwa hai na nani atavuna faida. Kwa hiyo ninapozungumzia ndege, nazungumzia jambo la siku nyingi hapa.

Hoja yangu ya leo ni moja. Ndege nyembamba, yenye ujia mmoja wa kupita katikati ya viti, ikitumiwa kwa busara katika safari ndefu, inaifaa nchi yetu kuliko ndege kubwa inayoruka nusu tupu. Lakini faida yake haitapanda mlima hadi Amani wala hadi Lushoto tusipoangalia mambo matatu: tumbo la ndege hiyo, vyeti vyake, na maandalizi ya mzigo wetu wenyewe.

1. Ndege hizi ni zipi

Ukiingia kwenye Boeing 737 au Airbus A320 unakuta ujia mmoja, viti vitatu kushoto na vitatu kulia. Ndani, ukuta hadi ukuta, Boeing 737 ina upana wa kama mita 3.5, na Airbus A320 mita 3.7. Boeing 787, ile tunayoiita Dreamliner, ina karibu mita 5.5, na viti vyake vimegawanywa na njia mbili za kupita.

Air Tanzania inazo aina zote mbili. Dreamliner yake ya kwanza ilipokelewa Julai 2018, nayo ina viti 262. Airbus A220-300 ya kwanza ilifika Desemba mwaka huohuo, ina viti 132 na ujia mmoja. Boeing 737 MAX 9 ya kwanza ilitua Oktoba 2023, ina viti 181, nayo pia ni ya ujia mmoja.

Na safari ndefu ni ipi? Watu wa usafiri wa anga kwa kawaida huita masafa marefu safari inayozidi saa sita hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, safari ya saa tano na ushei, kwa hiyo iko kizingitini. Mumbai ni kama kilomita 4,700. Istanbul ni karibu 5,500. London ni kama 7,500, na Guangzhou ni 8,700. Naomba mzishike namba hizi, maana tutazirudia.

2. Tulikotoka

Vijana wengi wanadhani kuruka mbali kwa ndege ya ujia mmoja ni jambo geni. Wazee wanaokumbuka wataniunga mkono: zamani hakukuwa na nyingine. Hadi Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, kila ndege ya jeti iliyovuka mabara ilikuwa na ujia mmoja.

Shirika letu la pamoja, East African Airways, lilianzishwa mwaka 1946 likimilikiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1960 lilianza kurusha jeti za Comet 4 kwenda London. Mwaka 1966 likapokea Super VC10, ndege ndefu yenye injini nne mkiani na ujia mmoja. VC10 ilibuniwa kwa kuzingatia viwanja vya Afrika na Asia. Uwanja ulio juu milimani, kama Nairobi yenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600, una hewa nyepesi. Joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Na hewa nyepesi huyapa mabawa nguvu ndogo ya kuinua na injini nguvu ndogo ya kusukuma. Wahandisi wakaipa VC10 mabawa na injini za kuishinda hali hiyo. Kwa maneno mengine, miaka 60 iliyopita ilikuwapo ndege nyembamba ya masafa marefu iliyotengenezwa kwa kufikiria mazingira yetu, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wachache.

Mojawapo ya VC10 hizo ilisajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MMT. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na shirika likafa, ndege zile zilirudi Uingereza, na jeshi la anga la huko likazigeuza kuwa ndege za kuwajazia wenzao mafuta hewani. Ile iliyokuwa 5H-MMT iliendelea kuruka hadi Septemba 2013, na ndiyo iliyofanya safari ya mwisho kabisa ya aina ya VC10 duniani. Naisema habari hii kwa uchungu. Ndege ilikuwa na miaka mingine 36 ya kazi mwilini mwake. Kilichokufa mapema ni shirika. Mapatano ya wamiliki, madeni na uendeshaji ndivyo vilivyoamua, na somo hilo tutalihitaji baadaye.

Air Tanzania ilizaliwa mwaka huohuo wa 1977, na kwa miaka mingi farasi wake wa kazi alikuwa Boeing 737-200. Ilikuwa ndege imara, lakini pumzi yake ilikuwa fupi. Februari 1982 mojawapo, iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa na vijana wenye silaha wakaipeleka hadi uwanja wa Stansted karibu na London. Njiani ililazimika kutua Nairobi, Jeddah na Athens. Abiria wale walipitia siku za hofu kubwa. Nawakumbuka kwa heshima, na nautaja mkasa ule kwa sababu unaonyesha ndege ya ujia mmoja ya wakati ule ilikuwa na uwezo gani: kutoka kwetu hadi Ulaya, ilihitaji kutua mara tatu.

3. Kilichobadilika

Kwanza ni injini. Injini za leo zina feni kubwa mbele, na sehemu kubwa ya hewa huzunguka nje ya moto badala ya kupita ndani yake. Watengenezaji wa Airbus wanasema familia ya A320neo inapunguza mafuta kwa asilimia 15 hadi 20 kwa kila kiti ikilinganishwa na kizazi kilichotangulia. Mafuta yakipungua kwa kila kilomita, tangi lilelile hufika mbali zaidi.

Pili ni kanuni. Zamani ndege ya injini mbili ilitakiwa isiwe mbali zaidi ya dakika 60 na uwanja wa kutua kwa dharura. Kwa anayevuka Bahari ya Hindi, sharti hilo lilimlazimisha azunguke. Kuanzia mwaka 1985, injini zilipothibitika kuwa za kuaminika, mashirika yaliyotimiza masharti yaliruhusiwa kufika dakika 120, na baadaye zaidi. Bahari ikafunguka kwa injini mbili.

Tatu ni matangi. Airbus A321XLR, iliyoruka kwa mara ya kwanza Juni 2022, imejengewa tangi la ziada la lita 12,900 nyuma ya mabawa. Inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa tani 101, na mtengenezaji anaihesabia kilomita 8,700. Shirika la Iberia la Hispania lilikuwa la kwanza kuipokea, mwishoni mwa Oktoba 2024, na mwezi uliofuata likaivusha Atlantiki kutoka Madrid hadi Boston.

Sasa turudi kwenye zile namba. Boeing 737 MAX 9 inahesabiwa kufika kama kilomita 6,100, na A220-300 zaidi kidogo. Kwa karatasi, basi, Dubai, Muscat, Jeddah, Mumbai na hata Istanbul zimo ndani ya uwezo wa ndege ambazo Tanzania tayari inazo. London inahitaji A321XLR. Guangzhou inabaki kazi ya Dreamliner, kwa sababu kilomita za karatasi hupunguzwa na upepo wa mbele na akiba ya mafuta ambayo kwa kanuni rubani lazima afike nayo.

Wala haya si ya kubahatisha. Flydubai ilianza kuja Dar es Salaam, Kilimanjaro na Zanzibar mwaka 2014 kwa Boeing 737. Oman Air imeunganisha Muscat na Zanzibar kwa 737, umbali wa karibu kilomita 3,900, ule ambao majahazi yalikuwa yakisubiri pepo za kaskazi na kusi ili kuuvuka. Turkish Airlines imewahi kutumia 737 kati ya Istanbul na Kilimanjaro, safari ya karibu saa saba. Agosti 2023 IndiGo ya India ilianza safari za Mumbai hadi Nairobi kwa ndege za familia ya A320. Mashirika ya nje yamekwisha kuona kwamba njia za kwetu zinalipa kwa ndege nyembamba.

4. Hesabu ya viti

Ndugu zangu, mfanyabiashara wa machungwa anaielewa hesabu hii kuliko wataalamu wengi. Msimu ukiwa haujachanganya na tenga zikiwa chache, hakodi semitrela kwenda Dar es Salaam, anakodi Canter. Semitrela ikijaa, kila tenga linasafiri kwa bei nafuu. Ikienda nusu, hasara ni ya aliyeikodi, maana dereva, mafuta na ushuru havijali kama kuna nafasi tupu nyuma.

Tuseme siku fulani wapo abiria 140 wa kwenda mji fulani. Ukiwapandisha Dreamliner ya viti 262, umejaza asilimia 53. Ukiwapandisha 737 ya viti 181, umejaza asilimia 77. Na Dreamliner inaruhusiwa kuruka ikiwa na hadi tani 228, ilhali 737 MAX 9 ni tani 88. Uzito unakula mafuta, na ada za kutua viwanjani kwa kawaida hutozwa kwa uzito.

Jambo la pili ni siku za safari. Dreamliner ikienda mara tatu kwa wiki inatoa viti 786. Ndege ya viti 181 ikienda mara nne inatoa viti 724. Viti vinakaribiana, lakini msafiri amepata siku ya nne. Kwa mgonjwa anayekwenda kutibiwa India, kwa mahujaji wa umra wanaoondoka kwa makundi madogo mwaka mzima kwenda Jeddah, na kwa mabinti na vijana wetu wa Tanga wanaokwenda kufanya kazi Oman na Dubai, siku ya nne ina thamani. Mgonjwa hakai hotelini Dar es Salaam akisubiri. Kijana anayefiwa anawahi mazishi.

Ndiyo maana nasema: ukubwa wa ndege ufuate wingi wa watu na mizigo. Fahari ya kuona ndege kubwa yenye bendera yetu naielewa na ninayo, lakini bendera hupepea vizuri zaidi kwenye ndege inayojilipia mafuta yake.

5. Tumbo la ndege

Hapa ndipo sifa za ndege nyembamba zinapopungua, na ndipo Muheza inapotakiwa kusikiliza kwa makini.

Chini ya sakafu ya abiria kuna tumbo la ndege. Tumbo la Dreamliner ya aina tuliyonayo linaweza kupokea makontena 28 ya ndege, yaliyopakiwa mapema ghalani, kwenye ubaridi, kisha yakasukumwa ndani kwa mashine. Tumbo la Boeing 737 halipokei kontena. Mzigo huingizwa sanduku kwa sanduku, vijana wakiwa wamepiga magoti ndani, na masanduku yanayosubiri zamu yako juani uwanjani. Mboga iliyotoka Lushoto na ubaridi wake wa milimani inaweza kuupoteza ubaridi huo katika kusubiri huko. Familia ya A320 ina nafuu, kwa kuwa inaweza kuwekewa makontena mafupi. Lakini lile tangi la ziada la A321XLR limechukua sehemu ya nafasi ya mizigo.

Halafu kuna uzito. Kila ndege ina kiwango cha uzito ambacho hairuhusiwi kukizidi inaporuka, na kiwango hicho hugawanywa kati ya ndege yenyewe, mafuta yake, na abiria na mizigo yao. Safari ikirefuka, mafuta yanaongezeka, na kila kilo ya mafuta inaondoa kilo ya mzigo. Ndege nyembamba iliyojaa abiria na masanduku yao, katika safari inayofika ukingoni mwa uwezo wake, hubakiwa na nafasi ndogo sana ya kuuza kwa mkulima. Dar es Salaam ina bahati ya kuwa karibu na usawa wa bahari. Uwanja wa Kilimanjaro, ulio karibu mita 900 juu, unalipa gharama kidogo ya hewa nyepesi, na Nairobi inalipa zaidi.

Basi mkulima afanye nini? Aanze kwa kujua mzigo upi ni wa ndege na upi siyo, maana mkono mtupu haulambwi, na shirika halitatutazama tukienda mikono mitupu. Machungwa yetu si mzigo wa ndege. Ni mazito, bei yake kwa kilo ni ndogo, nayo yanavumilia lori. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga za Amani zina thamani kubwa kwa kilo, lakini zikikaushwa vizuri haziozi. Meli inazitosha, na ndege ni ya sampuli na oda ndogo za haraka. Mbogamboga changa na viungo vibichi vya Lushoto vinaihitaji ndege kwa kuwa vinahesabu saa. Tunajua pia kwamba maua na mboga nyingi za kaskazini mwa Tanzania zimekuwa zikipanda malori kwenda kupakiwa Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kuna ndege nyingi zenye matumbo makubwa na maghala ya ubaridi.

Upo mzigo mmoja wa Muheza ambao ni kama uliumbwa kwa ajili ya ndege nyembamba: vipepeo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa vijiji vya jirani na msitu wa Amani wamekuwa wakifuga vipepeo wa asili kupitia Mradi wa Vipepeo Amani. Wanapanda mimea ambayo viwavi wanaila, wanawalea katika vizimba vya neti, na kiwavi anapojifunga na kuwa pupa, wanamkusanya; hadi mwaka 2016 walimpeleka kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Pupa hana uzito wa kutajika. Anaenea kwenye sanduku dogo, anabebwa kwa mikono, na bei yake kwa kilo inayapita mazao mengi ya shambani. Anachodai ni kitu kimoja: afike kabla hajatoka kuwa kipepeo, na hizo ni siku za kuhesabu. Mzigo wa namna hii hauna haja ya kontena. Unahitaji ndege ya mara kwa mara, yenye miunganisho michache. Siku ya nne ya safari niliyoitaja kwa wagonjwa inamfaa pupa vilevile.

Na fedha ile ya vipepeo ilikuwa na faida ya pili. Mfugaji wa vipepeo anauhitaji msitu ukiwa umesimama, kwa kuwa mimea na mbegu yake vinatoka humo. Mwaka 2016 serikali ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, zuio hilo liliwakumba na wafugaji hawa wa Amani. Ndege zilikuwepo, wanunuzi walikuwepo, pupa walikuwepo, kibali hakikuwepo. Ninaheshimu nia ya kuwalinda wanyama wetu dhidi ya magendo. Ninaamini pia kwamba kipepeo aliyefugwa na mama wa kijijini chini ya usimamizi anastahili kanuni yake mwenyewe, tofauti na ile ya mnyama aliyekamatwa porini.

6. Mwili wa msafiri

Niseme machache juu ya abiria. Saa saba ndani ya ujia mmoja si mchezo kwa mtu mzima. Mkokoteni wa chakula ukipita, ujia umefungwa. Vyoo ni vichache na foleni yake husimama miguuni mwa waliokaa. Damu ya miguu hutuama mtu akikaa muda mrefu, na mgonjwa, mjamzito au mzee yuko katika hatari zaidi ya kuganda kwa damu. Ombeni kiti cha pembeni ya ujia, simameni na kunyoosha miguu, kunyweni maji, na mwenye historia ya maradhi hayo amwone daktari kabla ya safari. Mashirika nayo yana wajibu. Viti vilivyobanwa kwa safari ya saa moja kwenda Mwanza havifai kuachwa vilevile kwa safari ya saa saba.

7. Vyeti na injini

Nilisema tutalihitaji somo la mwaka 1977, kwamba uendeshaji ndio unaoamua uhai wa shirika. Mwaka 2022 Air Tanzania ilitangaza kwamba baadhi ya ndege zake za A220 zimesimama kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba mashirika mengi duniani. Shirika lenye ndege mia likisimamisha mbili, abiria wachache hugundua. Shirika lenye nne likisimamisha mbili, njia zinafungwa. Kwa hiyo anayenunua ndege chache za aina mpya anapaswa kununua na uhakika wa injini za akiba, mafundi na mkataba wa fidia.

Usalama nao hauna mjadala. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines, ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilianguka na kuua watu wote 157, wakiwemo Wakenya 32. Karibu miezi mitano kabla, ndege ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua 189. Mfumo wa kompyuta uliotegemea kipimo kimoja ulikuwa ukiinamisha pua ya ndege kwa nguvu. Ndege za MAX zilizuiwa duniani kote hadi mfumo ulipobadilishwa, na Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020. Funzo la Afrika Mashariki ni kwamba tusisubiri wenye viwanda watuambie kila kitu. Mamlaka zetu ziwe na wakaguzi wanaojua kuuliza.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake, na Juni 2025 ukayaweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania, ukitaja udhaifu wa usimamizi wa usalama. Orodha hiyo hupitiwa upya kila baada ya muda, na nchi nyingine zimewahi kutoka humo kwa kufanya kazi. Lakini tuelewe maana yake. Hata tungekuwa na ndege yenye uwezo wa kufika Ulaya bila kutua, uwezo wake ungeishia kwenye karatasi ya ukaguzi. Mkulima wa vipepeo aliukosa uwanja wa Ulaya kwa kukosa kibali, na shirika la taifa limekosa uwanja huohuo kwa upungufu wa usimamizi. Mashine hununuliwa kwa siku moja. Kuaminika hujengwa kwa miaka.

8. Tufanye nini

Kwa wakulima: jiungeni katika ushirika, maana sanduku moja halina sauti mbele ya wakala wa mizigo. Tafuteni mapema cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Jengeni chumba kimoja cha ubaridi kinachofanya kazi badala ya mipango kumi ya kwenye makaratasi. Wekeni kumbukumbu za nani alizalisha nini na lini, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hununua uaminifu pamoja na bidhaa.

Kwa halmashauri na mkoa: barabara ya Muheza hadi Amani ni sehemu ya safari ya ndege. Pupa au boga changa likikwama kwenye tope la masika, hakuna injini ya kulifidia. Uwanja wa Tanga, unaohudumia ndege ndogo, uangaliwe kama mlango wa mizigo midogo ya thamani kubwa, pamoja na kuwa mlango wa abiria.

Kwa vijana: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Dar es Salaam kinafundisha mafundi wa ndege. Ukaguzi ambao Ulaya inautaka utafanywa na watu, na watu hao wanaweza kutoka katika madarasa ya fizikia ya sekondari za wilaya hii. Someni hesabu kwa nia hiyo.

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: kuondoka kwenye orodha ile kuwe kazi ya kwanza ya taifa katika anga, mbele ya ununuzi wa ndege nyingine yoyote.

Na kwa Air Tanzania, ambayo ni mali yetu sote kwa kodi zetu: tumieni ndege nyembamba kufungua na kukuza njia, na Dreamliner ziende kule ambako wingi wa watu na mizigo umethibitika. Tangazeni waziwazi bei na nafasi ya mizigo ya kila safari, ili mkulima wa kijijini aipate kwenye simu yake kama anavyoipata bei ya soko. Siku mtakapokaa kuchagua ndege ya njia mpya, waulizeni wataalamu wenu swali ambalo watu wa Muheza wana haki ya kujibiwa: baada ya abiria na mafuta, zinabaki kilo ngapi za mzigo, kwa bei gani, na siku zipi za wiki?